Bafu Lisilo na Maji Ni Kabati Tayari

Nguo zangu zinakaa bafuni. Sisemi taulo na leso ya kuogea. Nasema kabati lote: magauni, jinzi, jaketi za mtumba, viatu, mikoba, na zile nguo ninazopiga nazo picha kabla ya kuziuza. Kila nikiweka picha nikiwa nimesimama mbele ya zile taili nyeupe, lazima mtu aulize, "Dada, kwani hapo si chooni?" Ndiyo, ni chooni. Na leo nataka kukitetea hicho choo mpaka mwisho.

Kwanza tuelewane kuhusu hizi nyumba. Lodwar ni mji uliozoea kupokea watu wasio na mpango wa kukaa. Mkoloni alimleta Jomo Kenyatta hapa mwaka 1959 kumweka kizuizini, na mwaka 1961 akahamishwa Maralal. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ikafunguliwa, mashirika yakaja na magari yao meupe. Machi 2012 serikali ikatangaza mafuta yamepatikana kisima cha Ngamia 1 kule Lokichar. Mwaka 2013 kaunti zikaanza, Lodwar ikawa makao makuu ya Turkana. Kila wimbi lilileta watu wenye mshahara, na watu wenye mshahara wakauliza swali moja: "Kuna ensuiti?" Yaani bafu na choo ndani ya chumba cha kulala, ili usitoke nje usiku na ndara.

Basi wenye ploti wakajenga ensuiti. Hawakumjengea mtoto wa Lodwar. Walimjengea mgeni ambaye ofisi yake ingetuma boza kujaza tangi. Na siwalaumu, biashara ni biashara. Lakini wageni huondoka. Mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi kupeleka Mombasa, na kufikia 2020 mpango huo ulikuwa umekwisha. Mwaka 2025 Marekani ikafunga shirika lake la misaada, USAID, na mashirika mengi yanayofanya kazi Kakuma yakapunguza watu. Nyumba zikabaki, boza likaenda. Sasa sisi vijana wa hapa ndio tunazikodi, wawili wawili, watatu watatu, na tunarithi bafu ambalo shawa yake haijawahi kutulowesha.

Hesabu ya maji ni fupi. Tangi la choo la kuvuta humeza lita 6 hadi 9 kila ukivuta. Mtungi wako ni lita 20. Ukivuta mara mbili, mtungi umekaribia kwisha. Maji hayohayo, ukioga kwa beseni na kopo, yanawatosha watu wawili na panabaki ya kufua soksi. Kwa hiyo kwenye ploti yetu watu wanatumia choo cha shimo na bafu la mabati lililo uani, karibu na tangi. Wenye ensuiti pia wako foleni moja na sisi wengine, wameshika ndoo.

Na usiniambie maji yanakuja. Mwaka 2013, serikali na UNESCO walitangaza kwamba chini ya Turkana kuna hazina kubwa ya maji, hasa Lotikipi. Dunia nzima ikashangilia. Baadaye vipimo vikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Siku mfereji ukipanda mpaka kwa shawa yangu nitafurahi kuliko mtu yeyote. Ila nguo zangu haziwezi kuningojea sakafuni mpaka siku hiyo.

Sasa, kwa nini bafu na si kona ya chumba? Kwa sababu hapa adui wa nguo si unyevu. Ukiwa Mombasa au Lamu tafadhali usinifuate. Huko ukifungia jaketi bafuni, mwezi ukiisha limeota ukungu. Hapa mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200, na mchana joto hupita nyuzi 35 bila kuomba ruhusa. Maadui zetu ni vumbi na jua. Upepo ukianza, vumbi linaingia chini ya mlango, linakaa kwa mabega ya kila nguo uliyotundika msumarini. Jua la dirishani nalo linaichapa jinzi nyeusi mpaka inakuwa ya kijivu upande mmoja. Bafu halina shida hizo. Lina dirisha dogo juu kabisa, lina mlango wake, na taili unazipangusa kwa kitambaa kibichi, vumbi limeisha. Yaani fundi alijenga kabati bila kujua.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini kuna mambo ambayo ukiyaruka utajuta.

La kwanza ni harufu. Chini ya sinki, ndani ya bakuli la choo na kwenye tundu la sakafuni kuna bomba lililopinda. Kwenye hiyo kona hukaa maji kidogo, na hayo maji ndiyo kizibo kinachozuia hewa chafu na mende wa tangi la maji taka kupanda juu. Bafu lisipotumika kwa joto la Lodwar, yale maji hukauka, kizibo kinaondoka, na nguo zako zinaanza kunuka kama kitu kimekufa. Kwa hiyo: mwaga maji kidogo kila tundu, kisha vijiko kadhaa vya mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huelea na kuchelewesha maji kukauka. Halafu funika tundu la sakafuni kwa kipande cha mpira kilichokatwa vizuri, bakuli la choo lifunike kwa nailoni kabla ya kushusha kifuniko. Kila mwezi fungua, angalia, ongeza.

La pili ni koki. Funga ile ndogo iliyo ukutani karibu na choo, na ya sinki pia. Mfereji ukiamua kufufuka saa nane usiku na wewe hauko, hutaki kurudi ukute viatu vinaogelea.

La tatu ni stima. Kama kuna shawa ya umeme, mwite fundi wa stima aikate kabisa na kufunga ncha za waya. Usitundike nguo chini ya waya ulio hai kwa sababu ati swichi imezimwa. Hapo sitanii.

Baada ya hapo ni raha. Sikutoboa taili hata moja. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea fremu ya chuma inayosimama yenyewe, yenye miguu minne na bomba moja juu la kutundikia hanga. Juu ya kifuniko cha choo nimeweka ubao, hapo ndipo mikoba inakaa. Sinki limejaa mikanda na saa. Dirishani nimefunga kipande cha chandarua kuzuia vumbi na wadudu, hewa bado inapita. Majani makavu ya mwarobaini, ambayo hapa yanaanguka bure kila mahali, nimeyafunga kwa kitambaa na kuyaweka katikati ya sweta. Na mlango wa bafu unafunguliwa saa moja kila asubuhi, kwa sababu hata hewa kavu inahitaji kutembea.

Kwa nini sikutoboa? Sababu ya kwanza ni mwenye nyumba. Nilimwambia kabla ya kuanza. Yeye ni mama mtu mzima, na jibu lake lilikuwa la biashara.

"Msichana wangu, hii nyumba naikodisha kwa sababu ya hiyo ensuiti. Ukiitoa, mimi nitamwambia nini mpangaji anayekuja?"

"Mama, sitoi kitu. Siku nikihama, unafungua koki, unapata bafu lako vilevile."

"Na kodi usiniambie nipunguze."

Kodi haikupungua. Lakini alikuja kuona, akagusa ile fremu, akauliza bei ya gauni moja la maua. Alilinunua.

Sababu ya pili ni nyanya yangu. Anaishi kijijini, na akija mjini kliniki analala kwangu. Magoti yake hayampeleki tena kwa choo cha shimo saa tisa usiku. Basi siku akija, nguo nazivuta na fremu yake mpaka chumbani, natoa ubao na nailoni, najaza ndoo mbili, choo kimerudi kazini. Kwa hivyo nisikilize vizuri: kama nyumbani kwako kuna mzee, mgonjwa, mjamzito au mtu asiyetembea vizuri, hilo bafu ni lake kwanza. Nunua maji kabla ya kununua hanga. Nguo zitangoja.

Yeye mwenyewe alipoona zile nguo alicheka mpaka akakaa chini. Alikua akihama na mifugo, na akina mama ndio waliofunga mali yote ya boma juu ya punda. Akaniuliza, "Hizi zote, siku ya kuhama utazibebesha punda wangapi?" Nikamwambia, nyanya, mimi sihami. Akanyamaza kidogo, akasema sawa.

Hilo neno nililirudia Kakuma, na huko halikupokelewa kwa kicheko. Mimi huenda Kakuma mara kwa mara kuuza nguo. Ni kama kilomita 120 kutoka Lodwar. Nina rafiki huko, tumelingana umri, amezaliwa kambini. Mama yake alifika miaka ya tisini akikimbia vita Sudan. Nilimwonyesha picha za bafu langu kwa simu. Akaziangalia zote, akasema, "Wewe una choo cha kuwekea nguo. Sisi asubuhi tunapanga mitungi kwa laini." Sikuwa na jibu, na sitajifanya nilikuwa nalo.

Halafu akanionyesha nguo za mama yake. Ziko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, zimekunjwa na kufungwa kufuli. Miaka yote hiyo hazijawahi kutundikwa. Mama yake anasema ukitundika nguo umekubali kwamba hapa ndipo kwako, na yeye hajakubali. Rafiki yangu hana kwingine anakokukumbuka. Kutoka kambini tu lazima aombe kibali cha kusafiri. Lakini nguo zake pia ziko kwenye begi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Aliniagiza hanga sita. Nilimpelekea. Amefunga kamba kwenye kona ya chumba, ameziba kwa kitenge, na mama yake hajasema kitu mpaka sasa.

Ndiyo maana hili jambo la bafu nimelichukulia kwa uzito kuliko linavyostahili. Nyumba ninayolala ilichorwa kwa ajili ya mtu aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili. Mimi nimezaliwa hapa na kazi yangu iko hapa. Nikiacha kile chumba kikae bure, kimefungwa, kinanuka, eti kwa sababu kinaitwa ensuiti na ensuiti ni hadhi, basi nitakuwa namlipia kodi mgeni aliyeondoka zamani.

Na wewe unayejenga sasa hivi, najua mko wengi, kabla ya kununua taili muulize mpangaji wako wa kweli ni nani. Mjengee bafu moja zuri karibu na tangi, mahali maji yanapofika. Ndani mwekee kabati la ukutani lenye mlango usiopitisha vumbi. Atakulipa, na hatahitaji kukunja sweta juu ya choo.

Kama unaye mwenye nyumba wa kuongea naye, ongea naye kwanza. Kisha anza na koki.