Video ya Sarufi Irudi Darasani

Mzazi Mswahili wa Louisville, Columbus au Buffalo, huku Marekani, anayemwona mwanawe saa tatu usiku kaikodolea macho Chromebook ya shule, video ikisimama kila baada ya dakika mbili kumwuliza kama sentensi inataka “go” au “goes”, ana haki ya kuuliza: sasa mwalimu anafundisha saa ngapi? Jibu la shule ni kwamba darasa limegeuzwa. Maelezo yaliyokuwa yakitolewa ubaoni husikilizwa nyumbani, na mazoezi yaliyokuwa yakibebwa nyumbani hufanywa darasani, mwalimu akiwa pembeni. Mtindo huu ulivuma kupitia walimu wawili wa kemia wa Woodland Park, Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walioanza mwaka 2007 kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi, mara nyingi kwa sababu ya safari za michezo. Asiye na intaneti alipewa DVD. Mimi nauunga mkono nusu nusu: maswali yaliyomo ndani ya video yabaki, lakini kwa watoto wetu video yenyewe itazamwe shuleni.

Sifa ya maswali hayo huonekana vizuri kwenye sarufi kuliko kwenye masomo mengi. Tuseme video inamtaka mtoto ajaze pengo katika sentensi “I ___ in Louisville since 2019”, achague kati ya “live”, “lived” na “have lived”. Aliyekulia Kigoma au Mombasa huwaza “naishi Louisville tangu 2019”, wakati uliopo, na huchagua “live” bila wasiwasi. Mwenzake Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa huvutwa kuelekea kosa hilohilo mara mbili, kwa sababu Kifaransa nacho hutumia wakati uliopo mahali hapo. Programu humwambia kakosea, ikamrudishia kanuni ileile aliyokwisha kuisikia. Hapo mtoto hajafundishwa kitu. Faida iko kwa mwalimu, ambaye asubuhi hufungua ripoti akakuta waliokosea swali hilo wamekosea kwa namna moja. Kosa la mtu mmoja huenda ni uzembe, ila kosa la kundi zima lina mantiki yake, na mantiki hiyo inaelezeka ubaoni kwa dakika kumi iwapo mwalimu anaijua. Daftari lingemwonyesha jambo hilohilo, lakini baada ya kusahihisha usiku kucha.

Ripoti hiyo, hata hivyo, ina thamani tu ikiwa mtoto alijibu kwa kufikiri. Darasa lililogeuzwa linadai nyumba yenye meza, kimya, na mtu mzima wa kuuliza “umemaliza?” Louisville ni makao ya Worldport, kituo kikubwa cha mizigo cha UPS ambacho kazi yake kubwa ya kupanga vifurushi hufanyika usiku, na wazazi wengi wahamiaji katika miji yote mitatu huishi kwa shifti za maghala, viwanda na usafi. Mtoto mkubwa ndiye mlezi baada ya shule, ndiye mkalimani wa barua, ndiye anayepasha ugali. Kifaa anacho, maana tangu mwaka 2020 shule nyingi za Marekani zimegawa kompyuta. Asichokuwa nacho ni nusu saa yake mwenyewe. Basi hubonyeza jibu lolote hadi video iendelee, na mwalimu hupokea ripoti ya kubahatisha akidhani ni ripoti ya sarufi.

Nyumbani Afrika Mashariki njia nyingine imewahi kujaribiwa, tena kwa fedha za Marekani hiyohiyo. Miaka ya 1980 Kenya iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Redio iliuliza, ikanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa pamoja, ikaendelea. Yale maswali ya katikati ya video si uvumbuzi wa Silicon Valley. Tofauti ni kwamba watoto walisikiliza pamoja, mbele ya mwalimu aliyeona nani anajibu na nani anafuata midomo ya jirani. Miaka ya karibuni, shule za mtandao za Vodafone Foundation na UNHCR zilizoanzia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, mwaka 2013 zimefika hadi Nyarugusu, kambi ya Kigoma walikotoka wengi wa majirani zetu Wakongomani: vishikwambi, projekta na spika vinavyotumiwa shuleni. Ni ufukara ndio ulioamua hivyo, sikatai. Lakini ulichoamua kinawafaa pia watoto wa Buffalo.

Watanijibu kwamba kuirudisha video darasani ni kuua faida yake, kwani muda wa mazungumzo unaliwa tena na maelezo. Hoja hii ingekuwa na uzito kama video za sarufi zingekuwa ndefu. Inayozidi dakika sita ni hotuba, na hotuba haihitaji kugeuzwa darasa. Watoto wakae wawiliwawili kwenye skrini moja, wabishane kabla ya kubonyeza, na ubishi wao uwe kwa Kiswahili wakitaka. Muda uliobaki ni wa kuzungumza Kiingereza. Shule za wanafunzi wageni nchini zipo tayari kwa kazi ya namna hii: Columbus Global Academy na Lafayette International ya Buffalo. Hapo wanaokosea kwa mantiki moja huwa wamekaa chumba kimoja.

Pingamizi zito zaidi ni lile la wanaosema sarufi haifundishwi, mtoto huokota lugha uwanjani. Kwa mtoto wa miaka sita nakubali. Aliyefika ana miaka 15 ana miaka michache tu kabla ya kumaliza sekondari, na kile Kiingereza cha uwanjani kitampa urafiki mapema kuliko kitakavyompa insha ya historia. Tanzania wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine: mtoto husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kinaanza kwa Kiingereza. Huko simu kwa kawaida hairuhusiwi shuleni na bando la nyumbani ni la kubana, hivyo anayetaka kuiga Colorado atakwama mapema. Projekta moja, video fupi zilizopakuliwa na mwalimu anayejua kwa nini “naishi tangu” huzaa “I live since” vingetosha kuanzia. Huku ughaibuni, mzazi akiitwa shuleni kuambiwa mwanawe hamalizi video, aulize ripoti za video alizomaliza zilibadilisha nini katika kipindi kilichofuata.