Siku Kumi na Nne

Nilianza kazi ya ukarani mwaka 1988, nikiwa na miaka 24, katika mahakama ya wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Siku ya kwanza karani mkuu, mzee aliyekaribia kustaafu, aliniingiza masijala, akanionyesha rafu za majalada ya jinai na kuniambia: "Binti yangu, jalada likilala hapa, ujue kuna mtu analala ndani." Nikaitikia, "Ndiyo, mzee." Ilinichukua miaka mitano kumwelewa, na aliyelipia somo hilo hakuwa mimi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Asubuhi mwendesha mashtaka wa polisi alileta hati ya mashtaka. Nilifungua rejista, kitabu kizito cha kubebwa kwa mikono miwili, nikaandika namba ya kesi, mwaka, jina la mshtakiwa, kosa na kifungu cha sheria. Kisha nilifungua jalada, nikapanda nalo mahakamani, kwani karani ndiye aliyekuwa pia mkalimani. Hati iliandikwa kwa Kiingereza. Mimi nilimsomea mshtakiwa kwa Kiswahili, na akiwa mzee wa kijijini nilimrudia kwa Kisukuma hadi aseme ameelewa. Mashahidi walisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono wake, neno baada ya neno, tangu asubuhi hadi vidole vikamuuma.

Kesi ikiahirishwa, tarehe mpya niliiandika mahali patatu: kwenye jalada, kwenye daftari la tarehe, na kwenye hati ya kumrudisha mahabusu gerezani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilitaka kesi ya mtu aliye mahabusu isiahirishwe kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Sisi tulizoea 14, ili kesi ya Jumanne irudi Jumanne. Ukiwasikia ndugu wa washtakiwa wakisema "wamempa kumi na nne," ndizo hizo.

Mwaka 1993 aliletwa kijana aliyeshtakiwa kwa wizi. Kosa lake lilikuwa na dhamana, lakini alikuwa mgeni wilayani, hakuwa na wadhamini wawili wenye barua ya mtendaji, akaenda mahabusu. Siku aliporudishwa na karandinga, jalada lake halikuonekana. Hakimu akaahirisha siku 14. Zilipokwisha, halikuonekana tena. Mara ya tatu vilevile. Mama yake alisafiri kutoka wilaya ya jirani kila tarehe, akaketi chini ya mwarobaini wetu na chakula kwenye kikapu, na kila mara alinifuata dirishani: "Mwanangu, leo wamesemaje?" Nami nilimjibu, "Jalada linatafutwa, mama."

Nililikuta mwenyewe, jioni moja, kwenye rafu ya kesi zilizokwisha. Namba yake ilifanana na ya kesi ya mwaka uliotangulia, na mwandiko uliolipeleka kwenye orodha ya kesi hizo ulikuwa wangu. Kesi iliposikilizwa, shahidi mmoja tu alifika, na hakumtaja yule kijana popote. Hakimu akamwachia huru. Siku 42 alizokaa ndani kwa ajili ya kosa langu hazikuandikwa mahali popote, isipokuwa hapa ninapoziandika sasa. Mama yake alipita dirishani kuniaga, akanishukuru. Shukrani ile sijaacha kuisikia.

Tangu siku ile nilianza kuhesabu kazi yangu kwa siku za watu wengine. Niliziona hasa kwenye rufaa. Mfungwa aliyetaka kukata rufaa Mahakama Kuu alipaswa kutoa kusudio ndani ya siku 10 na kuleta sababu zake ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi haukuhesabiwa ndani ya hizo 45, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini sheria ilisimamisha saa ya rufaa, haikusimamisha kifungo. Mpiga chapa wetu alikuwa mmoja, mashine moja, kaboni tatu, na mwandiko wa hakimu wa kubahatisha. Mtu wa kifungo cha mwaka mmoja aliweza kukimaliza akingoja nakala. Na ilipomfikia, ilikuwa kwa Kiingereza, hivyo alimtafuta mfungwa mwenzake aliyesoma amweleze kwa nini yeye amefungwa.

Mabadiliko yalikuja polepole, kisha yakaja kwa pamoja. Kompyuta ziliondoa kaboni. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za kusajili mashauri kwa njia ya kielektroniki. Mwaka 2020, wakati wa korona, niliona jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: magereza na mahakama zikizungumza kwa video, mahabusu akitajiwa kesi yake bila karandinga. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwenye mahakama za mwanzo kilikuwapo siku zote; kwetu wilayani kilikuwa cha kusemwa tu. Hukumu ya kwanza ya Kiswahili niliyomkabidhi mfungwa, aliisoma mwenyewe mbele yangu, akanionyesha kwa kidole mahali asipokubaliana napo. Nilifurahi kuliko alivyofurahi yeye.

Nilistaafu mwaka 2024, mfumo mpya wa kusimamia mashauri ulipokuwa ndiyo kwanza umeshika. Leo jalada haliwezi kujificha nyuma ya rafu. Namba mbili zinazofanana hazichanganyiki kwa sababu karani amechoka.

Siku yangu ya mwisho nilikaa karibu na kijana aliyechukua nafasi yangu. Kesi ilikuwa imeahirishwa kwa sababu daktari wa serikali, shahidi wa mwisho, alikuwa safarini hadi Alhamisi. Hakimu alituagiza tupendekeze tarehe. Kijana akaanza kuandika. "Shahidi anarudi lini?" nikamuuliza.

"Keshokutwa, mama."

"Na mshtakiwa yuko wapi?"

"Mahabusu."

"Sasa hizo kumi na nne ni za nini?"

Alinitazama. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sheria imeweka ukomo tu, haikuagiza tuufikie kila mara. Hata mimi hakuna aliyeniambia. Niliwagawia watu siku hizo kwa miaka 36 kana kwamba zimeandikwa. Akafuta, akapendekeza Ijumaa. Hakimu akakubali.

Siku 11. Nilizihesabu nikiwa njiani kurudi nyumbani.