Breki za ABS au mguu wa dereva?

Wadau, majuzi nilikuwa Mombasa Road na Datsun 240Z yangu kuukuu. Pale Kiboko mbuzi akakatiza. Nikakanyaga breki, magurudumu yakajifunga, usukani ukawa pambo tu. Mbuzi alipona kwa bahati.

Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mwaka 1973 kwa gari kama hili, bila ABS. Mguu wake ulijua kukanyaga na kuachia. Wangu uliganda kwa hofu. ABS hukanyaga na kuachia mara kadhaa kwa sekunde, na haiogopi.

Basi niifunge? Kama mwandishi wa programu nasita: kompyuta ile imepimiwa uzito na tairi za gari jingine. Nikikosea, majaribio ni barabarani. Kwa sasa nimenunua tairi mpya, na Jumapili nafanya mazoezi ya breki uwanjani.