Honi Iliyonyamaza na Kijana Niliyemdhulumu



Kisa hiki ni changu mwenyewe, na sioni fahari kukisimulia. Huenda kikamfaa mzazi mwenye gari kuukuu kama langu, au mwanafunzi anayejifunza ufundi.

Tunaishi Buyenzi, hapa Bujumbura, mtaa wenye mafundi wengi wa magari. Gari letu ni Toyota Corolla ya mwaka 1984. Usukani wake ulikuwa umepasuka kwa jua, na ukiushika mikono inabaki myeusi. Likizo ya shule ilipofika, mimi na mwanangu tuliufungua. Tulijaza nyufa kwa gundi ya epoksi, tukapiga msasa, kisha tukapuliza rangi nyeusi mara tatu, mbele na nyuma. Ulipokauka tukaurudisha. Ulipendeza hasa!

Siku ya pili yake mtoto alikimbilia mpira barabarani mbele yangu. Nikabonyeza honi. Kimya! Nikakanyaga breki, na alhamdulillah gari likasimama hatua chache kutoka alipokuwa.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja wa gereji alikuwa amenibadilishia taa ya mbele, karibu na honi ilipofungwa. Sikufikiri mara mbili. Nilimwendea nikamwambia mbele ya wenzake kwamba amenikatia waya, na kwamba nusu ya ujira wake iliyobaki silipi. Akanijibu kwa upole, "Mzee wangu, honi sikuigusa." Nikaondoka.

Nyumbani mwanangu akaniuliza, "Baba, umepima?" Sikuwa nimepima. Basi tukaanza:

1. Fyuzi ya honi. Tuliichomoa, tukaitazama. Nzima.

2. Honi yenyewe. Tuliipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikalia.

3. Waya wa usukanini. Tulitoa kifuniko cha honi, tukaugusisha waya wake kwenye chuma kitupu. Honi ikalia mpaka majirani wakachungulia.

Hapo nikaelewa. Katika gari kama hili, kitufe cha honi hakipeleki umeme mbele. Kinaufungulia njia ya kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Mafundi huiita ethi. Ukibonyeza, kitufe kinagusa chuma cha katikati ya usukani, rilei inavuta, na honi inalia. Chuma kile tulikuwa tumekipaka rangi pamoja na plastiki, na rangi haipitishi umeme. Aliyeikata honi ni mimi.

Tulitoa waya wa hasi wa betri, tukakwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukasafisha na pete ya shaba iliyo nyuma ya usukani. Tukarudisha. Honi ikalia.

Kesho yake baada ya Alasiri nilirudi gereji, nikangoja wenzake wawepo. Nilikuwa nimemtuhumu mbele yao, na mbele yao nikamwomba radhi, nikamlipa kilichobaki. Alisamehe. Lakini aliniambia kuwa wateja wawili waliokuwa wakisubiri siku ile walisikia maneno yangu wakaenda kwa fundi mwingine. Hilo sikuwa na njia ya kulirudisha. Nilichoweza ni kumpelekea gari la shemeji yangu na la jirani, na kila mmoja nilimweleza kisa kizima.

Ndugu zangu, mkipaka rangi usukani, zibeni kwanza kwa utepe wa karatasi kila chuma kinachogusana na kitufe. Gari lenye mfuko wa hewa usukanini msilifungue wenyewe. Mfuko huo ukifyatuka huumiza, mpelekeeni fundi anayeujua. Na kabla hamjamlaumu mtu, pimeni. Upimaji wetu wote haukufika nusu saa.