Lamu kwa Utulivu: Safari Ambayo Mama Naye Hupumzika

Likizo za shule zinapokaribia, maswali katika nyumba zetu huwa ni yale yale: twende wapi, tulale wapi, na itatugharimu kiasi gani. Ni nadra kuulizwa swali la nne, nalo ni hili: katika safari hii, nani atapumzika? Twaandika makala haya kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kwenda Lamu bila ya kuliuliza, tukarudi Mombasa tumechoka kuliko tulivyoondoka.

Tulikuwa dada watatu, waume zetu, watoto saba na mama yetu mzazi. Tulikodi nyumba Mkomani, tukaandika ratiba ya siku nne iliyojaa: Ngome, Makumbusho, Msikiti wa Riyadha, Shela, Matondoni na magofu ya Takwa. Chakula hatukukiandika popote. Kila mmoja wetu alijua moyoni kwamba Mama yupo.

Siku ya Takwa ndiyo iliyotufunua. Magofu hayo yako Manda, kisiwa kinachoikabili Lamu. Ni mji uliohamwa katika karne ya 17, na msikiti wake una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Njia ya kuufikia kwa mashua ni mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na mkono huo hupitika maji yakiwa yamejaa. Nahodha alituonya kwamba asubuhi ile maji yalikuwa yakitoka. Tulimjibu kwamba ratiba yetu haina nafasi nyingine. Tuliingia kwa tabu, tukatazama mbiombio, na tulipotaka kurudi mashua ilikuwa imekaa juu ya matope. Tulingoja hadi adhuhuri ikaingia, watoto wakilia kwa njaa na jua. Tulipofika nyumbani, wali wa nazi na samaki wa kupaka vilikuwa vimepoa, na Mama alikuwa ameketi jikoni peke yake akitungojea.

Katika basi la kurudi, mtoto mmoja alimwuliza nyanya yake ni kitu gani kilichompendeza Lamu. Mama alimjibu, wala hakukusudia kumlaumu mtu, "Dirisha la jikoni. Lina upepo mzuri." Hatukuwa na la kusema. Mama alikuwa ameuona mji wa Lamu kupitia dirisha lile tu.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufahamisha kwamba safari ina mashaka yake, humpunguzia mtu chakula na usingizi. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake mpaka wakati wa swala unapofika. Tulipoyatafakari haya mawili pamoja, tuliona kwamba tulikuwa tumeyakusanya mashaka yote ya safari na kumtwika mtu mmoja, tena aliye mkubwa wetu.

Mara ya pili tulianza kupanga kwa kalenda ya Kiislamu. Wazee wetu wa baharini hawakuhitaji zaidi ya mwezi ili kuyajua maji. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapotimia; maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, kiasi cha tarehe 7 na 22. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi alasiri na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwenye kulijua hili huipanga siku yake bila ya kugombana na bahari. Asubuhi ufuo wa Shela huwa mpana, na watoto hucheza bila ya wasiwasi mkubwa. Alasiri maji yakijaa, mashua huenda Takwa na kurudi. Hata hivyo, neno la mwisho ni la nahodha. Akisema siyo leo, basi siyo leo.

La pili, tuliamua kwamba kila siku itakuwa na jambo moja tu. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, hautaki haraka. Vichochoro vyake havipitishi magari. Mizigo hubebwa na punda na mahamali. Huketi mtu barazani, akasalimiwa, akasalimu, na hilo peke yake ni matembezi. Siku moja tuliitenga kwa Riyadha, msikiti na chuo kilichoanzishwa na Habib Swaleh, ili watoto wajue kwamba wanafunzi wa elimu ya dini wametoka pembe nyingi za Afrika Mashariki kuja kusoma hapo.

La tatu, na ndilo kubwa, ni jikoni. Kabla ya kuondoka tulitafuta nyumba yenye mpishi, tukapatana naye ujira na saa zake za kazi mapema, tukamlipa haki yake bila ya kumwongezea kufua na kufagia. Aliyetupumzisha sisi hakustahili kuchoshwa na sisi. Chakula cha usiku waume zetu na vijana walikichukua juu yao: mara mkate wa mofa na mishikaki ya kununua, mara samaki waliomkaanga wenyewe, mmoja wao akaungua kidogo. Gharama iliongezeka, kweli; tuliipunguza kwa kufuta siku moja ya mashua.

Yako na mengine ya kukumbuka. Njia ya barabara hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha ni mashua. Ulizeni hali ya njia kabla ya kukata tiketi, safirini mchana, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake karibu. Mwenye magoti mabovu apewe mtu wa kumshika mkono gatini, kwani ngazi huteleza maji yakipwa. Kuhusu swala, msafiri anaruhusiwa kufupisha na kukusanya. Lakini katika madhehebu yetu ya Kishafii, aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huswali kamili tangu afikapo. Nuieni mapema mjue hukumu yenu. Na dada wanaopenda kuingia majini kwa stara, waende Shela baada ya alfajiri, wautembee ufuo mpaka waziache nyumba nyuma.

Huko ndiko tulikompeleka Mama asubuhi ya tatu. Maji yalikuwa yametoka, mchanga umelala mweupe hadi macho yanapokoma. Alivua viatu, akakunja buibui kidogo, akatembea mbele yetu bila ya kugeuka. Tulipomwuliza kama amechoka, aliuliza ni saa ngapi. Tulimwambia kwamba hakuna anayemngojea kwa chakula cha mchana. Alinyamaza, kisha akaendelea kutembea.

Tukiwa katika basi, mtoto yule yule alimwuliza swali lile lile la mwaka uliopita. Safari hii Mama alianza kuhesabu kwa vidole.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zenu ziwe za kheri, azipumzishe nyoyo za mama zetu, na awarejeshe nyote salama majumbani mwenu. Amin.