Moto na Maandishi

Msomaji wangu, ukiulizwa kama ni kosa kuchoma kitabu, yamkini utajibu mara moja kwamba ni kosa kubwa. Maana tangu ulipoingia darasa la kwanza umefundishwa kukiheshimu kitabu, kukivika jalada kisichafuke, na kutokunja pembe za kurasa zake. Jibu lako ni jema, walakini limekuja mbio. Jambo linaloamuliwa kabla ya kupimwa ni kama samaki aliyenunuliwa gizani: huenda ni mzima, huenda ameoza. Na tuketi tulipime pamoja.

Hapa Mamboleo, mahali ambapo barabara itokayo Kisumu hupita kwenda Kakamega, karatasi haikai bure. Muuza njugu hukunja kurasa za daftari kuukuu akazitilia njugu zake. Na mama mwenye jiko la mkaa hurarua ukurasa wa hesabu za mwaka jana akawashia moto wa uji. Nani atasema mama huyo ametenda dhambi? Watoto wamekunywa uji, na hesabu zile zilikwisha kuingia vichwani mwao, au zilikwisha kutoka. Kadhalika msahafu ukichakaa hata hausomeki tena, wako Waislamu wanaouzika ardhini, na wako wanaouchoma kwa heshima ili maneno yake yasikanyagwe. Moto huo huo unaotumika kudharau waweza kutumika kustahi. Hivyo basi kosa halimo katika moto, wala halimo katika karatasi. Yatupasa tulitafute mahali pengine: katika nia ya yule anayewasha, na katika hasara ya yule anayenyimwa.

Mimi ni mwalimu, na suala hili halikunijia katika mijadala ya chuo cha ualimu; lilinijia katika ghala ya shule. Mtaala wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, ulipoanza kuupisha mtaala wa umilisi, ghala yetu ilijaa vitabu ambavyo hapana darasa lililovihitaji. Mchwa walikuwa wamekwisha kuvionja, na panya walikuwa wamefanya makao. Tukaagizwa walimu watatu tuvipunguze, na shimo la taka halikuwa mbali. Tulivigawa mafungu. Vile vilivyoliwa hata havisomeki vilikwenda motoni, wala sikuona haya. Vile vizima tuliwapa wanafunzi wakavipeleka nyumbani kwao. Ubishi ulizuka juu ya kitabu kimoja tu, cha historia, cha zama za ukoloni, ambacho kiliwaeleza wapiganaji wa Mau Mau kuwa ni washenzi wasio na akili, na watawala wao kuwa ni wazazi wenye huruma. Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Nyeri, ambaye babu yake alitiwa kizuizini, alikishika kwa vidole viwili akasema, "Mwalimu, hiki ndicho kitangulie. Uongo huu usimfikie mtoto yeyote."

Niliustahi uchungu wake, lakini nilimwomba aniazime kitabu kile kwa juma moja. Nikakisoma mbele ya Kidato cha Tatu, kurasa mbili tu. Darasa zima lilinyamaza. Kisha msichana mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, aliyeandika haya alijua kwamba ipo siku sisi tutayasoma?"

Swali hilo, msomaji, ndilo ufunguo wa suala letu. Mwandishi yule hakumfikiria msomaji atakayekuja. Lakini mtu anayechoma maandishi ili yasijulikane humfikiria sana msomaji huyo, na humwogopa. Na ili usidhani kwamba natunga, nitakueleza jambo lililotendeka katika nchi yetu wenyewe.

Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, na makumi ya maelfu ya watu walitiwa kambini pasipo hukumu ya mahakama. Uhuru ulipokaribia, wakubwa wa Uingereza walijiuliza majalada ya miaka ile yatabaki mikononi mwa nani. Mwezi Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maagizo: serikali mpya zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, wala askari na watumishi wake, wala zile zinazoweza kuwafichua watu waliokuwa wakiipasha habari kwa siri. Kazi hiyo imejulikana kwa jina la Operesheni Legacy, na maana ya neno hilo la Kiingereza ni urithi. Urithi gani huo, ambao mrithi huachiwa majivu?

Majalada ya siri yalitiwa alama ya herufi W, na iliamriwa kwamba asiyaguse mtu yeyote ila ofisa Mwingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika, hata kama alikuwa mwaminifu kiasi gani, hakuruhusiwa. Mengi yalichomwa, na maagizo yalitaka hata majivu yenyewe yavunjwevunjwe, lisisalie neno la kusomeka. Palipokuwa na taabu ya kuchoma, ruhusa ilitolewa kuyatosa majini, ndani ya masanduku mazito, penye kina kirefu na mbali na pwani. Mengine, yapata majalada 1,500 ya Kenya, yalisafirishwa hadi Uingereza. Hivyo tarehe 12 Desemba 1963 bendera yetu ilipandishwa juu ya nchi ambayo sehemu ya kumbukumbu zake ilikuwa imekwisha kuwa moshi.

Majalada yaliyosafirishwa yalikaa kimya karibu miaka 50, na mwishowe yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali. Mwaka 2009 wazee wa Kenya, miongoni mwao Wambugu wa Nyingi, Paulo Nzili na Jane Muthoni Mara, waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyotendewa wakati wa hali ya hatari. Mwaka 2011, kesi ikiendelea, serikali hiyo ilikiri kwamba majalada yapo. Mwezi Oktoba 2012 jaji aliamua kwamba, ijapokuwa miaka mingi imepita, kesi yaweza kusikizwa kwa haki. Na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa maandishi yaliyosalia. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilitamka bungeni masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228.

Sasa tazama ajabu ya jambo hili. Karatasi zilizowafaa wazee wale hazikuandikwa na wazee, wala na marafiki zao. Ziliandikwa na watawala. Ubaya ulioandikwa uligeuka kuwa shahidi wa aliyetendewa ubaya. Na kila karatasi iliyochomwa ilikuwa shahidi aliyezibwa kinywa kabla hajaitwa. Hii ndiyo sababu nilimwambia mwenzangu kwamba kitabu chetu cha uongo kisichomwe: kikiungua, aliyetukanwa hana tena cha kuonyesha.

Huenda ukanipinga, useme, "Je, kitabu kinachofundisha chuki nacho kihifadhiwe?" Pingamizi hilo lina uzito, nami silipuuzi. Kitabu cha namna hiyo kisitiwe mkononi mwa mtoto asiyeweza kukipima, na mwalimu akikisoma akisome pamoja na jibu lake. Lakini kukiondoa mkononi mwa mtoto si sawasawa na kukiondoa duniani. Kumbuka yaliyotendeka Berlin, Ujerumani, usiku wa tarehe 10 Mei 1933. Walioongoza kuchoma vitabu usiku ule hawakuwa wajinga wasiojua kusoma. Walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, vijana waliokutangulia kwa elimu. Waliteketeza zaidi ya vitabu 20,000 katika uwanja mmoja, wakiamini kwamba wanaisafisha nchi yao. Kila mchomaji hujidhani kuwa ni mfagiaji.

Vitabu vya Sigmund Freud na Erich Maria Remarque vilivyotupwa katika moto ule vyasomwa hata leo, kwa kuwa nakala nyingine zilikuwako. Je, kwa kuwa hapana kilichopotea, hapakuwa na kosa? Kosa lilikuwako, ila lilikuwa la namna nyingine. Moto ule ulikuwa tangazo kwa waandishi wale, na kwa watu wa kabila lao na mawazo yao, kwamba wao wenyewe hawatakiwi. Moto wa Berlin uliwashwa uonekane. Moto wa majalada yetu uliwashwa usionekane. Wa kwanza humtisha aliye hai, na wa pili humnyang'anya atakayezaliwa. Yote miwili ni dhuluma, ijapokuwa karatasi ni karatasi.

Basi, msomaji, sikupi amri kwamba usichome karatasi kamwe. Nakupa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuwasha kibiriti. Kitu hiki ni changu? Nakala nyingine ipo? Na nani atafurahi kwamba hakitasomwa tena? Ukiona anayefurahi ni mtu mwenye jambo la kuficha, au mtu anayetaka jirani yake aumie, kirudishe kibiriti mfukoni.

Utakapomaliza mtihani wako wa mwisho, madaftari yako yatakuwa mali yako. Ukiyachoma kwa furaha hutakuwa mwovu, ingawa mdogo wako angeweza kufaidika nayo. Lakini kitabu ulichoazimwa na shule kina msomaji mwingine anayekuja mwezi Januari. Hakujui, nawe humjui, wala hayupo leo akuzuie mkono. Mtu asiyekuwapo hana mwingine wa kumtetea ila wewe uliyeshika kitabu chake.