Kurambaza Ziwani: Trauti, Mbuta na Kipimajoto cha Shilingi 300

Najua kurasa hizi zimekuwa kimya tangu ile makala ya hifadhidata, na wasomaji wawili watatu wameniandikia kuuliza kama nimehamia nje. Sijahamia. Bado niko hapa hapa Eldoret, baridi ile ile, chumba kile kile juu ya duka la vipuri. Ila nimekuwa nikienda ziwani. Leo basi hakuna msimbo mwingi, lakini kama unapenda vihisi na hesabu ndogo ndogo, vuta kiti.

Mambo yalianza kwa kibarua. Mteja mmoja wa jimbo la Michigan, Marekani, alitaka programu ya simu ya kuchora kina na joto la maji kwa ajili ya watu wanaovua trauti katika Ziwa Michigan. Mimi shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta, si ya samaki. Nikamwomba anieleze uvuvi wenyewe kama anavyomweleza mtoto, naye akanieleza vizuri sana, kwa barua pepe ndefu kuliko mkataba.

Uvuvi ni huu. Boti inakwenda polepole, mwendo wa mtu anayetembea, na nyuma yake inakokota chambo bandia kinachometameta kama samaki mdogo aliyeumia. Wavuvi wa pwani yetu wana neno lake: kurambaza. Naam, lile lile! Kama umewahi kusoma Wikipedia ya Kiswahili, huenda umeliona kwenye menyu ya pembeni: "Urambazaji". Waingereza nao jina lao la uvuvi huu ndilo walilowapa wale wachokozi wa mtandaoni, wanaotupa chambo kisha wakangoja nani atauma. Yaani kwetu neno hilo linatembeza watu mtandaoni, kwao linawagombanisha. Nililifurahia jambo hilo siku nzima badala ya kufanya kazi.

Turudi Michigan. Ziwa lile lina kina cha mita 281. Wakati wa kiangazi chao maji ya juu hufika nyuzi 20 za Selsiasi na zaidi, lakini chini kabisa hubaki karibu na nyuzi 4, kwa sababu maji huwa mazito kuliko yote yakiwa katika nyuzi 4. Trauti hustarehe kati ya nyuzi 10 na 16 hivi. Mweke kwenye nyuzi 25 na maisha yake yako hatarini. Kwa hiyo jua likikaza anashuka mita 20, 30, hata zaidi. Mvuvi naye anamfuata: anateremsha risasi ya kilo 4 au 5 kwa waya wa chuma, na mshipi wa ndoana umeshikizwa kwenye waya huo kwa kibanio. Samaki akiuma, mshipi unachomoka kwenye kibanio, na mvuvi anabaki kushindana na samaki peke yake, bila ile risasi. Ni ubunifu rahisi mno. Programu yangu ilikuwa imwambie tu ile risasi iko mita ngapi na maji ya hapo yana joto gani.

Programu ikaisha, malipo yakaingia, lakini swali likabaki: mbona sisi hatufanyi hivi? Kina tunacho. Ziwa Tanganyika lina mita 1,470, ni la pili duniani baada ya Baikal. Ukilipanga na Michigan, Michigan ni bwawa. Kwa nini basi usichukue trauti ukamwachia Tanganyika, ajishukie mwenyewe kutafuta baridi?

Jibu ni kwamba baridi yenyewe haipo. Maji ya chini kabisa ya Tanganyika yana nyuzi 23 na kitu. Huku kwetu hakuna majira ya barafu ya kuyapoza maji ya juu hadi yazame na kupeleka hewa chini. Na hilo ndilo baya zaidi kuliko joto: oksijeni haifiki. Tanganyika ukishuka kama mita 100 upande wa kaskazini, au 200 na zaidi kidogo kusini, oksijeni imekwisha, na kilomita nzima ya maji chini yake haina samaki hata mmoja. Kivu ndilo la ajabu zaidi, kwani huko chini kumejaa gesi za methani na kaboni dioksidi, na joto linaongezeka kadiri unavyoshuka.

Hapa kuna hesabu moja iliyonikosesha usingizi. Unaweza kudhani tofauti ya nyuzi 1 au 2 kati ya juu na chini ni kitu kidogo. Michigan ni kidogo kweli, yakiwa baridi: kutoka nyuzi 4 hadi 5 uzito wa maji hubadilika kwa gramu 8 tu kwa kila mita ya ujazo. Lakini kutoka nyuzi 25 hadi 26 ni gramu 260. Zaidi ya mara 30! Maana yake kwenye ziwa la joto, nyuzi 1 tu inatosha kuweka kifuniko, maji ya juu yakaelea juu ya ya chini kama mafuta, na upepo wa kawaida usiweze kuyachanganya.

Kwa hiyo trauti wa Kenya hakushushwa chini, alipandishwa juu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakawekwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Baadaye wakaja wa upinde wa mvua, na mwaka 1948 kikajengwa kituo cha kuwazalisha kule Kiganjo, karibu na Nyeri. Leo wako kwenye mito ya Mlima Kenya, Mlima Elgon na hata Cherangani, ambayo siku ya anga safi si mbali na hapa nilipo. Wamo pia kwenye viziwa vya Mlima Kenya kama Rutundu, takribani mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo mlima unafanya kazi ambayo kule Michigan inafanywa na kina. Huhitaji risasi wala waya wa chuma. Unahitaji sweta na mapafu.

Lakini mimi nilitaka kukokota chambo kwenye ziwa kubwa, na nina mjomba Mbita. Mama yangu ni wa huko. Basi nikapanda matatu hadi Kisumu, kisha Luanda Kotieno, nikavuka kwa feri, nikiwa na mkoba wa nyaya ambao kila askari wa kizuizini alitaka kuufungua. Ndani yake mlikuwa na kidhibiti cha ESP32, kipimajoto cha DS18B20 kisichoingia maji (shilingi 300 hivi madukani) na kihisi cha shinikizo. Hicho cha pili ni muhimu. Boti ikitembea, waya haushuki wima, unalala nyuma. Ukitoa waya wa mita 20 ukalala kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa maji, kipimajoto kiko mita 17 tu. Shinikizo halidanganyiki: kila mita 10 za maji huongeza takribani uzito wa angahewa moja.

Mjomba aliniangalia nikifunga vitu hivyo kwenye waya. "Mpwa wangu," akasema, "hicho kitauma samaki au kitamhesabu?"

Ziwa Victoria ni pana kupita kiasi, kilomita za mraba 68,800, lakini si la kina: pale penye kina zaidi ni kama mita 80. Samaki wa kurambaziwa ni mbuta, ambaye Watanzania wanamwita sangara. Naye ni mgeni kama trauti, alipandikizwa miaka ya 1950 na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewamaliza fulu wengi. Aliyevunja rekodi ya dunia kwa ndoana, kilo 104, alitoka Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Mjomba anatumia nyavu kwa riziki. Kukokota chambo alijifunza kwa kupeleka watalii.

Tulitoka alfajiri, tukaelekea nje ya Mfangano, mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Sonari ya boti ilionyesha mita 38. (Ukipenda hesabu: sauti kwenye maji ya joto lile huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mlio unakwenda chini na kurudi kwa milisekunde 51.) Samaki huonekana kama upinde, kwa sababu boti inamkaribia kisha inamwacha, na kinachoakisi sauti hasa ni ule mfuko wa hewa tumboni mwake. Kwa mbuta mfuko huo ndio bondo, lile linalokaushwa na kuuzwa Uchina kwa bei inayoishinda nyama yake mbali sana. Sonari na mnunuzi wanatafuta kitu kimoja.

Tazama sasa: pinde zote zilikuwa juu ya mita 25. Chini ya hapo skrini tupu. Nilimwomba mjomba azime injini, nikashusha vihisi wima pamoja na mita ya oksijeni niliyoazima kwa rafiki anayesomea mambo ya samaki. Juu: nyuzi 25.9, oksijeni miligramu 6.8 kwa lita. Mita 20: nyuzi 25.3, miligramu 5.1. Mita 30: 24.7 na 2.2. Mita 36: nyuzi 24.4, oksijeni 0.6. Nyuzi 1.5 tu kutoka juu hadi chini, na samaki hawezi kuishi.

"Chini huko ni kaburi," mjomba akasema kabla sijamwonyesha skrini. Nyavu zikilala huko usiku kucha wakati huu wa mwaka hutoka na samaki waliooza. Alikuwa anajua mpaka uko wapi kwa mkono tu, pasipo betri. Tukapandisha chambo hadi mita 14 na saa mbili baadaye mbuta wa sentimita 78 akauma. Sitawasimulia vile alivyoruka, kila mvuvi anasimulia hilo, ila mkono wangu wa kuandikia msimbo uliuma hadi Alhamisi.

Kilichonirudisha ziwani mara tatu baada ya hapo si mbuta. Ni binamu yangu, mtoto wa huyo mjomba, ambaye ana vizimba vinne vya ngege ndani ya ghuba. Novemba 2022 samaki wengi wa vizimba upande wa Kisumu walikufa kwa ghafla, na sababu iliyotajwa ilikuwa maji yasiyo na oksijeni yaliyopanda kutoka chini. Binamu hakuwa na vizimba wakati huo. Sasa anavyo, pamoja na mkopo wa chama cha akiba, na mke wake ameweka shamba lake kama dhamana. Samaki wa kizimba hawezi kufanya anavyofanya mbuta, kupanda mita 10 na kuondoka zake.

Mita nzuri ya oksijeni inayokaa majini muda wote ni ghali, na utando wake unahitaji kusafishwa kila mara. Lakini zile namba za Mfangano zinaonyesha kitu: maji mabaya ni ya baridi zaidi. Yakipenya chini ya kizimba, joto la pale litashuka. Kipimajoto cha shilingi 300 hakioni oksijeni, ila kinaweza kuona mlango ukifunguliwa.

Tatizo ni kwamba DS18B20 inaweza kukosea kwa nusu nyuzi juu au chini, na mimi nawinda mabadiliko ya kiasi hicho hicho. Nilichofanya ni kufunga vipimajoto sita pamoja kwa mpira, nikavizamisha kwenye ndoo ya maji hapa Eldoret usiku mzima, nikaandika kila kimoja kinapishana na wenzake kwa kiasi gani. Tofauti hiyo nikaiweka kwenye programu. Kila kimoja kina namba yake ya kudumu ndani, kwa hiyo havichanganyikani. Sasa kimoja kinaning'inia mita 1 na kingine mita 8, kuna paneli ndogo ya jua, na moduli ya GSM inatuma ujumbe joto la chini likishuka nyuzi 0.6 ndani ya saa moja.

Ujumbe wa kwanza wa kweli ulikuja Jumanne moja saa tisa na dakika kumi usiku. Nikampigia binamu. Alikuwa ameshaamka, upepo ulikuwa unapiga mabati. Asubuhi ile hakuwalisha samaki, maana samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi, na akawasha pampu ya hewa aliyoikodi. Kufikia saa nne joto likarudi. Hakufa samaki. Je, wangekufa bila ujumbe? Binamu anasema ndiyo, mjomba anasema upepo ule ulikuwa wa kawaida, na mimi nina mstari mmoja tu kwenye grafu. Nitaazima ile mita ya oksijeni tena nilinganishe, safari hii ikae kando ya kipimajoto wiki nzima.

Kwa wanaotaka kujaribu: msimbo nitauweka nikimaliza jambo moja. Anayelala kwenye vizimba usiku ni mlinzi, na Kiingereza cha "threshold exceeded" hakimwambii kitu. Binamu anataka ujumbe uje kwa Kijaluo, uwe na maneno yasiyozidi manne, na la kwanza liwe "Amka". Naandika hiyo wiki hii.